Mwamba wa Teahupo'o: namna wimbi linavyojengwa na namna ya kuliingia

Barabara inayofuata pwani ya kusini-magharibi ya Tahiti Iti, rasi ndogo ya kisiwa cha Tahiti katika Pasifiki, inakomea kijijini Teahupo'o, umbali wa kama kilomita 70 kutoka mji mkuu Papeete. Mbele ya kijiji kuna maji tulivu ya ndani, na nusu kilomita hivi kutoka ufukweni uko mwamba wa matumbawe, umekatwa na mlango uitwao Hava'e. Ubavuni mwa mlango huo ndipo linapovunjika wimbi lililokuwa uwanja wa mashindano ya kuteleza mawimbini katika Olimpiki ya Paris ya mwaka 2024, ingawa Paris yenyewe iko zaidi ya kilomita 15,000 kutoka hapo.

Wengi walilijua wimbi hili kwa picha moja. Tarehe 29 Julai 2024 Jérôme Brouillet alimpiga picha Gabriel Medina wa Brazili akiwa hewani, kidole kimoja juu, ubao wake umesimama wima pembeni. Muda mfupi kabla ya picha ile Medina alikuwa ndani ya pipa la maji, yaani tundu linaloachwa wimbi linapojikunja, akatoka akiwa amesimama, na majaji wakampa 9.90 kati ya 10. Picha imetulia mno. Haioneshi kwamba pale alipopita, kati ya ubao wake na matumbawe palikuwa na maji ya kumfika mtu kiunoni hivi.

Watu huizungumzia Teahupo'o kama suala la moyo mgumu. Kwa maoni yangu moyo ndio wa mwisho kuhitajika. Vinavyotangulia ni kuujua mwamba, kusoma utabiri, kuchagua wimbi na kujua la kufanya mambo yakiharibika, na katika yote hayo mwamba ndio unaotoa masharti.

Mwamba unavyolijenga wimbi

Mawimbi ya hapa huzaliwa mbali, kwenye dhoruba za kusini mwa Pasifiki kati ya New Zealand na Antaktika. Msimu wake ni kuanzia Aprili hadi Oktoba, majira ya baridi ya kusini mwa dunia. Dhoruba ikiwa umbali wa kilomita 4,000, na kukiwa na sekunde 16 kati ya kilele cha wimbi moja na kingine, kundi la mawimbi husafiri kwa kasi ya kama kilomita 45 kwa saa. Maana yake litafika baada ya siku tatu na nusu au nne. Ndiyo sababu utabiri wa huku huaminika: mawimbi yanakuwa yameshaanza safari na kupimwa kwa satelaiti wakati wewe bado unatafuta tiketi ya ndege.

Sekunde hizo ndizo namba ya kuanza nayo, kabla hata ya kimo cha wimbi. Wimbi la sekunde 16 lina urefu wa takriban mita 400 kutoka kilele hadi kilele likiwa kwenye bahari ya kina, na mwendo wake unashuka chini ya maji hadi kama mita 200. La sekunde 10 lina mita 156, na mwendo wake unaishia kwenye mita 78 hivi. Basi ripoti inayosema "mita 2, sekunde 10" na ile inayosema "mita 2, sekunde 16" zinataja vitu viwili tofauti kabisa, hata kama maboya ya kupimia yameonesha kimo kilekile. Mgeni anayesoma mita peke yake atajikuta kwenye maji yasiyo kiasi chake.

Kwenye fukwe nyingi sakafu ya bahari hupanda polepole, na wimbi huanza kupoteza kasi likiwa bado mbali. Teahupo'o haina mteremko wa namna hiyo. Nje kidogo ya mwamba, sakafu inaporomoka. Nusu kilomita kwenda bahari kuu, kina ni mamia ya mita. Wimbi linakuja na kasi yake yote, halafu ghafla linakuta ukuta. Sehemu ya chini inakwama, ya juu inaendelea na safari. Hapo maji yaliyokuwa juu ya mwamba yananyonywa kwenda mbele kulilisha wimbi, kiasi kwamba kitako cha wimbi kinashuka chini ya usawa wa bahari iliyo jirani. Kutoka nyuma, ukiwa bahari kuu, unaona kama mgongo mdogo tu wa maji. Kutoka mbele ni shimo, na juu ya shimo unaning'inia mdomo mnene wa maji unaorushwa mbele. Mtu aliyezoea kukadiria wimbi kwa kuangalia mgongo wake hapa hudanganyika kila mara.

Pale wimbi linapovunjikia kina ni kama mita moja, na kwa ndani zaidi hupungua hadi nusu mita, wakati mwingine chini ya hapo wimbi likishanyonya maji yake. Wimbi lenyewe ni la kushoto, yaani mtelezaji akisimama huelekea kushoto kwake. Anayetanguliza mguu wa kulia analitazama usoni. Anayetanguliza wa kushoto analipa mgongo, na hilo linabadilisha mkao wote kama nitakavyoeleza.

Mwelekeo wa mawimbi unabadilisha sura ya mahali. Yakija kutoka kusini au kusini-kusini-magharibi, yanapita sambamba kiasi na mwamba, yanajikunja hatua kwa hatua na kumalizikia mlangoni; mtelezaji anapewa njia ya kutokea. Yakigeukia magharibi zaidi, yanaugonga mwamba uso kwa uso. Sehemu ya ndani, ile ya mwisho kabla ya mlango, inajikunja yote kwa mpigo mmoja, na aliyeingia nje kidogo tu anakuta tundu la kutokea limeshafunga mbele yake. Mimi ningemshauri mtu anayekuja mara ya kwanza asubiri siku za kusini, hata kama zitakuwa ndogo. Mita 1 hadi 1.3 kwa sekunde 12 au 13 inampa wimbi la kweli na nafasi ya kujifunza.

Kuna jambo ambalo mtu wa pwani ya Afrika Mashariki litamshangaza. Kwetu bamvua hupandisha na kushusha maji kwa mita tatu na zaidi, na mwamba uliokuwa chini ya maji asubuhi unakuwa mkavu mchana, watu wanatembea juu yake wakitafuta pweza. Ukitaka kuteleza kwenye miamba ya kwetu, jedwali la maji kujaa na kupwa ndilo bosi. Tahiti tofauti hiyo ni kama sentimita 30 tu, na maji hufuata jua badala ya mwezi: yanajaa karibu na saa sita mchana na saa sita usiku, yanakupwa karibu na saa kumi na mbili asubuhi na jioni. Sentimita 30 huonekana si kitu, lakini pale penye nusu mita ya maji, kupungua kwa sentimita 30 ni zaidi ya nusu ya godoro lako. Alfajiri upepo huwa umelala na uso wa bahari laini, kwa hiyo wengi hukimbilia maji wakati uleule mwamba uko karibu zaidi. Mgeni afadhali asubiri hadi saa tatu au nne.

Upepo mzuri ni ule wa mashariki na kaskazini-mashariki, unaotoka milimani na kuushikilia uso wa wimbi usimame. Upepo wa kusini-mashariki, ambao Watahiti huuita mara'amu, huuvuruga uso huo, na wimbi lenye matuta kwenye mwamba wa kina hiki ni la kuliacha.

Mlango wenyewe umetokana na mto. Maji matamu na tope linaloshuka bondeni havipatani na matumbawe, kwa hiyo mbele ya mdomo wa mto mwamba haukui, na pengo hubaki. Mlango huu una kina cha kutosha boti kuegesha mita chache tu kutoka wimbi linapovunjika, na ndio unaoyatoa maji yote yanayorushwa ndani na mawimbi. Mambo hayo mawili yaweke akilini, maana yote mawili yatakuhusu ukianguka.

Vifaa

Ubao wa kila siku hautoshi. Kwa wimbi la uso wa mita 2 hadi 3 watu wengi wa uzito wa kawaida hutumia ubao wa futi 6 na inchi 0 hadi futi 6 na inchi 6. Likizidi hapo, futi 6 na inchi 8 hadi futi 7. Sababu ni kuingia mapema. Wimbi likija na kasi yake yote, wewe nawe unahitaji kasi kabla halijasimama wima, na kasi hiyo hutokana na urefu na ujazo wa ubao. Ongeza lita 2 au 3 juu ya ubao wako wa kawaida. Mkia uwe mwembamba wa mviringo ili ushike maji ukingo unapolala, na kichwa kiwe kimejipinda juu kiasi cha kutojichoma kwenye shimo. Faibaglasi iwe tabaka mbili za wakia 6 juu na moja chini; ubao mwepesi wa mashindano huvunjika vipande viwili siku ya kwanza. Mapezi yawe makubwa kidogo kuliko unayotumia nyumbani. Pezi dogo huteleza pembeni ukuta unapokuwa wima, na ubao ukiteleza pembeni ukiwa chini ya mdomo wa wimbi, umekwisha.

Kamba ya mguuni iwe ya unene wa milimita 7, urefu sawa na ubao. Fupi kuliko hapo hurudisha ubao usoni. Nyembamba za milimita 5 hukatika. Kabla ya kila kuingia, ivute kwa nguvu na uikague karibu na kifundo na pale inapofungwa kwenye mkia. Mpasuko mdogo kama wa kucha unatosha kuitupa. Na ule uzi mfupi unaoishikilia kwenye ubao usiwe mrefu kupita ukingo wa mkia, kwa sababu utaupasua ubao kamba ikivutwa.

Kofia ngumu ivaliwe. Zamani watelezaji wengi waliionea aibu, sasa hali inabadilika, na naona ni mabadiliko yaliyochelewa. Owen Wright wa Australia aliumia ubongo Pipeline, Hawaii, Desemba 2015, akalazimika kujifunza upya kusimama juu ya ubao. Miaka michache baadaye alipata medali ya shaba kwenye Olimpiki ya Tokyo. Kofia iwe nyepesi, yenye matundu ya kutoa maji, na mkanda wa kidevuni uwe umekaza, maana kofia inayoingiza maji hugeuka ndoo na kukuvuta shingo.

Fulana ya kuelea iwe nyembamba, ya kukinga mbavu. Nene mno inakuzuia kuzama chini ya wimbi linalokuja, na kwenye mwamba huu mtu asiyeweza kuzama hubebwa kama gogo. Fulana za kujaza hewa ni za siku kubwa, za wanaovutwa na pikipiki za majini. Nta ya kupaka juu ya ubao ili miguu isiteleze iwe ile ngumu ya maji ya moto, kwa kuwa maji hapa ni nyuzi 26 hadi 29 na nta ya baridi huyeyuka.

Wanaovutwa wana dunia yao nyingine: ubao mfupi na mzito wenye mikanda ya miguu, dereva anayejua mwamba kama sebule yake, na mwenzake wa uokoaji. Huko ndiko lilikotokea wimbi la Laird Hamilton la tarehe 17 Agosti 2000, nene kiasi kwamba alilazimika kuburuta mkono wa nyuma upande usio wa kawaida, ule wa mbali na ukuta, ili asinyonywe kwenda juu. Na siku ya tarehe 27 Agosti 2011, mamlaka zilipokuwa zimetangaza bahari ni ya hatari, Nathan Fletcher alivutwa kuingia kwenye moja ya mawimbi mazito zaidi kuwahi kupigwa picha. Siku hizo sizizungumzii hapa. Hakuna maelezo ya maandishi yatakayomwandaa mtu kwa siku hizo.

Kukaa, kuchagua, kusimama

Kutoka ufukweni hadi wimbi ni dakika 15 hadi 20 za kupiga kafi kwa mikono, ukipita maji ya ndani na kuingia mlangoni. Boti za wenyeji pia hubeba watu. Ukienda na boti, hakikisha inafungwa kwenye boya; nanga isitupwe kwenye matumbawe. Wakazi wa hapa wanaulinda mwamba wao kwa dhati. Mwaka 2023 waliandamana kupinga mnara mpya wa majaji wa alumini, na Desemba mwaka huo, tishari la kazi lilipopitishwa kwa majaribio na kuvunja matumbawe, hasira ikawa kubwa zaidi. Mwishowe mnara ulijengwa, lakini mwepesi kuliko uliokusudiwa. Mgeni anayejua habari hiyo huingia maji kwa adabu zaidi, anasalimia "ia ora na", na hakai mbele ya wenyeji.

Ukifika, usiende moja kwa moja kwenye wimbi. Kaa mlangoni, pembeni ya boti, dakika 45 nzima. Hesabu mawimbi kwenye kila msururu na muda wa utulivu kati ya msururu na msururu. Tazama ni lipi linatoa mtu na lipi linafunga. Halafu jiwekee alama mbili za nchi kavu, kama wavuvi wa pwani yetu wanavyolinganisha mnazi na mnara: kilele fulani cha mlima juu ya paa fulani kwa upande mmoja, mnara wa majaji na kitu kilicho nyuma yake kwa upande wa pili. Mkondo unaotoka mlangoni hukusogeza bila wewe kuhisi. Mita 5 ndani zaidi ya pale unapotakiwa, umeshachelewa. Mita 5 nje, hulipati wimbi kabisa. Angalia alama zako kila baada ya dakika moja au mbili, si pale tu msururu unapotokea.

Usichukue wimbi la kwanza la msururu. Ukianguka kwenye la kwanza, yote yaliyo nyuma yake yanakuja kukuangukia ukiwa juu ya mwamba, na ukiwa hujapata pumzi. La mwisho likikuangusha, unaibuka kwenye maji yaliyotulia. Pia la kwanza huwa linapita juu ya matuta ya upepo, wakati yanayofuata hukuta uso umeshalainishwa.

Kuchagua kunaamua hata mashindano. Kwenye fainali ya wanaume ya Olimpiki, Kauli Vaast, kijana wa Tahiti, alimshinda Jack Robinson wa Australia kwa 17.67 dhidi ya 7.83. Robinson ni miongoni mwa watelezaji bora wa mapipa duniani. Alichokosa siku ile ni mawimbi: bahari ilitulia, na Vaast alikuwa ameshachukua mapema mawimbi mawili aliyoyahitaji.

Sasa wimbi ni lako. Geuka mapema na piga kafi kwa nguvu kamili kuanzia pigo la kwanza. Anayeanza polepole kisha akaongeza hufika kileleni wakati wimbi limeshasimama. Kichwa cha ubao kielekeze kushoto kidogo, kama nyuzi 30 kutoka mstari wa moja kwa moja kwenda ufukweni. Ukihisi mkia unanyanyuka, ongeza mapigo mawili zaidi ya mikono, hata kama mwili unakwambia simama. Mapigo hayo mawili ndiyo yanayokutoa juu ya mdomo na kukuweka usoni mwa wimbi. Kisha simama kwa tendo moja, miguu yote ikitua pamoja, magoti yamekunjwa, macho yakitazama mbele pipa linakoelekea. Usitazame chini. Mwamba unaonekana wazi kabisa kupitia maji, rangi zake na mashimo yake, na mwili hufuata macho.

Anayetanguliza mguu wa kulia atasimama chini kidogo, mkono wa mbele umenyooshwa, na ataingia pipani kwa kupunguza kasi kwa mkono wa nyuma ukiparuza ukuta. Anayetanguliza mguu wa kushoto analipa wimbi mgongo, kwa hiyo anahitaji kujishikilia: mkono wa kulia unashika ukingo wa nje wa ubao, karibu na katikati, goti la nyuma linaangukia ndani, bega la kushoto linafunguka kuelekea tundu la kutokea, mkono wa kushoto unaparuza ukuta kudhibiti kasi. Kosa la kawaida katika mkao huu ni kukaa chini mno juu ya kisigino, ukingo unazama sana, na ubao unapanda ukuta hadi kwenye mdomo.

Kosa jingine ni kushuka hadi chini kabisa kabla ya kugeuka, kama inavyofanyika kwenye mawimbi laini. Hapa chini hakuna uwanja wa kugeukia. Ukishuka hadi kitakoni, mdomo unatua kichwani kwako. Mstari sahihi ni wa katikati ya ukuta, tangu mwanzo.

Na kuna kusita. Hili ndilo linaloumiza watu wengi kuliko yote. Mtu anapiga kafi, anafika kileleni, anaona shimo, anajaribu kurudi nyuma. Lakini maji yote ya mwamba wakati huo yanapanda juu kupitia uso wa wimbi, na yeye hana tena kasi ya kwenda mbele wala uzito wa kurudi. Ananyonywa pamoja na mdomo na kutupwa mbele kutoka juu, kichwa kikitangulia. Uamuzi wa kuacha ufanyike mapema, mkia haujanyanyuka. Baada ya hapo, njia salama pekee iliyobaki ni kwenda.

Ukianguka

Utaanguka, kwa hiyo hili lifanyiwe mazoezi mpaka lisihitaji kufikiriwa. Usiruke kwa miguu. Usipige mbizi. Tua bapa, kwa mgongo au ubavu, ili mwili usizame, na mikono ikizunguke kichwa, kiwiko kimoja mbele ya uso na kingine kisogoni. Magoti yakunjwe kidogo. Aliyekaza mwili huvunjika pale alipogusa, aliyelegea hubingirika.

Ukiwa bado umesimama na unaona tundu linafunga, jitupe ndani ya ukuta wa wimbi, chini ya katikati yake, ukielekea upande wa bahari, kabla mdomo haujatua. Ukiwahi, unatokea nyuma. Kuruka mbele, kwenye maji bapa mbele ya mdomo, ndiyo njia mbaya kuliko zote: hapo ndipo maji ni haba na mdomo ndipo unapotua.

Chini ya maji, usitafute sakafu kwa mguu. Mguu huingia kwenye tundu la matumbawe wakati maji yanakuzungusha, na kifundo huvunjika. Subiri. Msukosuko huchukua sekunde kadhaa, mara chache hufika 15, na anayepigana nao hutumia hewa yake katika tano za mwanzo. Wanaojizoeza kubana pumzi wasifanye hivyo majini peke yao, hata kwenye bwawa la kina kifupi. Watu huzimia bila dalili. Ukipanda juu, tanguliza mkono, kwa kuwa ubao unaweza kuwa juu yako. Ukiibuka, tazama bahari kwanza, kisha pumua.

Ukishatupwa ndani ya mwamba, usijaribu kurudi nje kwa njia uliyoingilia. Maji ni ya magotini na mawimbi yanaendelea. Pindua ubao mapezi yaangalie juu, lala juu yake kwa tumbo, miguu iwe imenyooka juu ya maji, na uache mawimbi madogo ya povu yakusukume ndani zaidi. Ukifika kwenye maji ya ndani, mkondo utakuchukua kuelekea mlangoni, na kutoka hapo utarudi nje bila kupigwa na wimbi hata moja. Ni njia ndefu, lakini watu waliojaribu kukata mkato ndio wanaorudi na migongo iliyochanwa.

Aliyegonga kichwa atoke majini, hata kama hakuzimia na hata kama anasema yuko sawa. Kichefuchefu, kuchanganyikiwa, maumivu ya kichwa yanayoongezeka au usingizi usio wa kawaida ni dalili za kwenda hospitali mara moja.

Mikwaruzo ya matumbawe inahitaji kazi kuliko inavyoonekana. Chembe za matumbawe na uchafu hubaki ndani, na katika joto la huku jeraha dogo huoza haraka. Osha kwa maji safi mengi, lita nzima si nyingi. Chembe zinazoonekana zitoe kwa kibano kilichochemshwa, kisha sugua kwa brashi laini na sabuni mpaka damu mpya itoke. Inauma, na ndiyo hatua ambayo watu huiruka. Malizia kwa dawa ya iodini, acha pakauke, funika kwa bandeji isiyonata. Wenyeji wengi hukamulia ndimu. Naiheshimu desturi hiyo, lakini ndimu haitoi chembe iliyokwama ndani, kwa hiyo isiwe badala ya kusugua. Chanjo ya pepopunda iwe imechomwa kabla ya safari. Kwa jeraha chafu madaktari hutaka iwe ndani ya miaka mitano iliyopita.

Badilisha bandeji mara mbili kwa siku na usirudi majini mpaka jeraha limefunga, hata bahari ikiwa nzuri namna gani. Zungushia kalamu mpaka wa wekundu siku ya kwanza. Wekundu ukivuka mstari huo, usaha ukitoka, homa ikipanda au tezi za kinenani zikivimba, nenda hospitali ya Taravao siku hiyohiyo. Mifupa iliyovunjika na vichwa hupelekwa hospitali kuu iliyoko Pirae, zaidi ya saa moja kwa gari, kwa hiyo namba ya dereva iwe kwenye simu yako kabla hujaloweka ubao.